UZI: Idjwi haikusahauliwa na mtu. Shida yetu ni kuvuka

Kisiwani_Kusini (mwanzisha uzi, Bukavu)

Wakubwa kwa wadogo, hamjambo.

Kila mara mtu anatokea humu na picha ya ziwa asubuhi, anaandika "Idjwi, paradiso iliyosahauliwa", watu wanamwaga mioyo. Kesho yake mwingine anakuja na "ndugu zetu wa kule wanateseka, Mungu awakumbuke". Mimi ni mzaliwa wa kusini ya kisiwa hiki cha Idjwi. Sasa nakaa Kadutu, kazi yangu ni kupokea mizigo inayotoka kule. Naandika kwa urefu maana nimechoka kujibu vipande vipande kwenye uzi za watu.

Kisiwa hakikusahauliwa. Rwanda wanakijua, Goma wanakijua, na Bukavu inakula kutoka kule karibu kila siku. Kinachotubana ni kuvuka. Ukijua kuvuka kunagharimu nini, na nani anapanga hiyo gharama, mengine yote ya Idjwi utayaelewa bila kuelezwa.

Kwa wale wa mbali: kisiwa kiko katikati ya Ziwa Kivu, urefu wake kama kilomita 40 toka kaskazini mpaka kusini. Kati ya visiwa vya maziwa ya Afrika, kinachokipita ukubwa ni Ukerewe peke yake. Ni teritware (kama wilaya) ya Kivu Kusini, Kongo, makao ni Bugarula, na kuna sheferi mbili, yaani maeneo ya machifu: Rubenga kaskazini, Ntambuka kusini. Watu ni zaidi ya laki mbili, wengi wetu Bahavu, na tunaishi na Bambuti ambao msitu waliokuwa wanautegemea umeisha kukatwa wakabaki bila shamba. Hakuna daraja, hakuna kiwanja cha ndege. Magharibi unaona Kalehe, mashariki unaona Rwanda. Usiku, ukikaa upande wa mashariki, taa za mji wa Kibuye, Rwanda, zinawaka mlima mzima na wewe umeshika tochi.

Na historia yenyewe inacheka hilo neno "kusahauliwa". Wabelgiji na Wajerumani waligombana juu ya kisiwa hiki miaka na miaka. Mkataba wa 1910 ndio uliokiweka upande wa Kongo. Vita Kuu ya Kwanza ilipoanza, Wajerumani wakavuka Septemba 1914 wakakichukua, wakakaa mpaka 1916. Halafu yakaja mashamba makubwa ya kahawa na ya kinini, mti wa dawa ya malaria. Hakuna mtu anayepigania kitu alichokisahau.

Kisiwani_Kusini

Naendelea. Sasa mashamba, maana bila hayo hutaelewa mizigo.

Kule kila kilima kimelimwa hadi kileleni. Baba alikuwa na shamba, wanawe sita wakaligawa, na wajukuu leo wanalima vipande ambavyo ukigeuka na jembe umeingia kwa jirani. Wanalima mihogo, maharagwe, ndizi, kahawa, na mananasi haya mnayoyapiga picha. Ndizi ndiyo ilikuwa benki ya nyumba: kasiksi, pombe ya ndizi, ikiuzwa, mtoto analipiwa shule. Ule mnyauko wa migomba ulioanzia Masisi mwanzo wa miaka ya 2000 ulipofika kwetu, migomba ikaoza ikiwa imesimama. Mtu alikuwa anakata mgomba, anaona maji ya njano yanatoka, anajua mwaka huo ada ya shule imekwenda. Mananasi yalipanda cheo hapo. Nanasi halihitaji ardhi nzuri sana, linavumilia mteremko, na lina soko mjini.

Lakini nanasi lina tabia moja mbaya: likiiva haliwezi kukaa. Na hapa ndipo kuvuka kunaingia.

Mkulima anakata jioni. Alfajiri anabeba kichwani mpaka ufukoni, au analipa vijana wabebe. Mtumbwi wa mbao wenye mota unapakia watu, mbuzi, mananasi, magunia ya mihogo, yote pamoja. Unafika Beach Muhanzi, bandari ndogo hapa Bukavu, jua limeisha kupanda. Wanunuzi wamesimama. Wanajua mambo matatu: mwenye mzigo hana mahali pa kulaza, mtumbwi unarudi leo, na nanasi haliwezi kurudi nalo. Basi bei inapangwa na nani? Si na mwenye shamba.

Wakati wa kurudi ni vilevile, kinyumenyume. Chumvi, sabuni, sukari, mafuta, bati, dawa, daftari, vyote vinalipa maji. Mfuko mmoja wa simenti unalipa kutoka duka mpaka beach, unalipa kuingia ndani ya mtumbwi, unalipa kuvuka, unalipa kushuka, halafu unalipa mgongo wa mtu kupanda kilima. Nyumba ya matofali kule ikiisha kujengwa, mwenye nyumba amelipa gharama ya nyumba mbili. Ndiyo maana nasema sisi si maskini kwa kukosa mali. Tunauza kwa bei ya mtu anayeharakisha, tunanunua kwa bei ya mtu asiye na njia nyingine.

Mama_Muhanzi

Kisiwani, mwanangu, unasema kweli lakini usitutwike sisi wauzaji kila kitu. Ile ananasi ikifika saa tano na jua, mimi naiweka wapi? Frigo iko wapi? Nalipa taksi ya soko, nalipa mwenye kubeba, nalipa fasi ya kukaa, na mvua ikinyesha hakuna mtu anapita kununua. Njo maana nateremusha bei. Mara mingi nauza jioni kwa hasara na sikuje humu kulia.

Na tena, nani anawapa deni wakati hawana hata ya kununua mafuta ya mota? Si sisi?

Kisiwani_Kusini

Mama, heshima yako. Sikusema mnaiba. Ninachosema, wewe na mkulima wote wawili mnabanwa na saa ileile. Angekuwepo mtu mwenye chumba cha baridi pale beach, au kiwanda kidogo cha jusi kule kisiwani, mngeuziana kama watu wanaoheshimiana. Na hayo madeni, ndiyo, mnatoa. Lakini mwenye deni lako hawezi kumuuzia mwingine, nawe unajua.

Mama_Muhanzi

Ehe, hapo umenishika kidogo 😂

Lushois_wa_Katuba

Salamu toka Lubumbashi. Sisi huku tunakula tomsoni, samaki wa frigo, na samaki wa ziwa Moero, mambo ya visiwa tunasoma tu. Swali la mjinga: hii sambaza, samaki wenu wadogo mnaoimba kila siku, si ni ndakala wa Tanganyika tu mmeibatiza jina?

Mjukuu_wa_Mvuvi

Kaka wa Katuba, si swali la mjinga hata. Sambaza asili yake ni Tanganyika. Ziwa Kivu lilikuwa halina samaki wa kuelea katikati, maji mengi lakini matupu. Basi kati ya 1958 na 1960 wakaleta vifaranga kutoka Tanganyika wakavimwaga huku. Wao walidhani wanaleta aina mbili, iliyoshika ni hii moja. Kwa hiyo mnakula mashemeji.

Namna ya kuvua: mitumbwi mitatu inafungwa pamoja kwa miti mirefu ya mikaratusi, miti mingine inatokeza mbele kama pembe za ng'ombe, na wavu unaning'inia kati. Wanaondoka jioni wakipiga kasia kwa wimbo. Mwenye kuanza anaimba, wengine wanaitika, kasia zinaingia majini pamoja. Wageni wanadhani wanaimba kwa furaha; kasia zisipokwenda pamoja hiyo mitumbwi mitatu inajipindua yenyewe. Giza likiingia wanawasha taa, zamani za petroli, sasa nyingi za betri na sola. Sambaza wanafuata mwanga, wavu unavutwa juu. Mwezi ukiwa mpevu taa haina nguvu, kwa hiyo siku hizo wavuvi wanashona nyavu, wanaoa, wanagombana na wake zao.

Mambo mawili yanaharibu. La kwanza nyavu za matundu madogo, hata vyandarua vya malaria, vinavyokomba watoto wa samaki. Rwanda wanafunga uvuvi miezi kama miwili kila mwaka ili sambaza wazaane. Kwetu, amri inatoka, kuitii ni jambo lingine. La pili ni mpaka. Ziwani hakuna ukuta, samaki hajui nchi, na mvuvi usiku anafuata samaki. Akijikuta upande wa pili, mtumbwi umekamatwa, nyavu zimekamatwa, na yeye mwenyewe nyumbani wanamtafuta.

Tena kuna samaki mwingine aliyeingia miaka ya 2006 hivi, naye wa Tanganyika, wale wa Rwanda wanamwita rwanda rushya. Mrembo, ana vidoti vya bluu. Babu alikuwa hampendi. Alisema anakula chakula cha sambaza.

Lushois_wa_Katuba

Aksanti sana mukubwa. Nitatafuta sambaza nione kama shemeji ana ladha.

Himbi_Goma

Nimesoma yote. Lakini mbona mnaongea bei tu na hamtaji watu wanaokufa? Mimi ni wa Goma. Aprili 2019 mtumbwi ulizama upande wa Kalehe, watu kama 150 wakapotea, rais mwenyewe akaja, ikatoka amri kila abiria avae jile ya kuokolea. Tukapiga makofi. Tarehe 3 Oktoba 2024 boti Merdi ikatoka Minova, ikalala upande mbele ya macho yetu hapa kwenye bandari ya Kituku, karibu kabisa na kufika. Watu walikuwa ufukoni wanaangalia. Serikali ya jimbo ilisema ndani walikuwemo 278. Maiti walizohesabu siku hiyo zilikuwa 78.

Kwa hiyo mimi naona shida si gharama ya kuvuka. Shida ni watu wanaopakia kupita kiasi na wakubwa wanaoangalia pembeni. Ukipakia kupita kiasi, jela. Basi.

Kisiwani_Kusini

Himbi, poleni sana. Mdogo wa rafiki yangu alikuwa kwenye ile ya Minova. Hatukumzika, maana hakuonekana.

Lakini tuulizane: kwa nini boti ya Minova ilijaa vile? Barabara ya Sake, inayoingia Goma, ilikuwa imefungwa na vita tangu mwanzo wa mwaka huo. Magari yote ya maharagwe, ya viazi, ya mama wa soko, yaligeuka kuwa boti. Watu hawakuongezeka kwa sababu mwenye boti ni mchawi. Waliongezeka kwa sababu njia ilibaki moja. Goma mlionja kwa miezi michache yale ambayo sisi tunaishi nayo tangu babu: kuwa na njia moja, na njia yenyewe ni maji.

Jela kwa mwenye boti, naunga mkono. Lakini ukimfunga huyo na boti zikabaki zilezile, kesho mama mwenye gunia atapanda kitu kibaya zaidi, usiku, bila orodha ya abiria. Jile nazo tunazijua. Zinavaliwa wakati wa kuondoka, mbele ya mkaguzi. Katikati ya ziwa zimekuwa mito ya kukalia.

Wa kwetu wanajua hali ya ziwa. Asubuhi maji yametulia, mchana upepo unashuka kutoka milimani, mawimbi yanasimama. Kila mpiga kasia wa zamani atakuambia ondoka kabla jua halijawa kali. Lakini mtumbwi ukisubiri ujae, ndio umekaa mpaka saa ya upepo. Unaona? Hata upepo unaingia kwenye hesabu ya nauli.

Himbi_Goma

Nimekuelewa, ila sikubali yote. Njia moja haimlazimishi mtu kupakia watu juu ya watu. Kuna tamaa pale.

Kisiwani_Kusini

Tamaa ipo. Hapo hatupingani.

Nesi_wa_Ziwani

Ngoja niongeze upande wa afya, maana nilifanya kazi kisiwani kabla ya kuhamia Kalehe. Hospitali kuu kule ni ya Monvu, kusini. Mama akipata uchungu mbaya usiku upande wa kaskazini, anabebwa kwenye kipoyi (machela) au pikipiki kwenye njia ambayo mvua imeisha kuila. Ikishindikana kabisa, ni mtumbwi kwenda ng'ambo. Mwanamke mjamzito ndani ya mtumbwi usiku, na sisi tumeshika taa ya sola na kuombea mota isizimike. Nilisindikiza wa hivyo. Mmoja alifika hospitali fulani mjini, wakatuuliza kwanza hela ya kufungulia faili. Nauli ya mtumbwi ilikuwa imemaliza kila kitu. Tulichangishana pale pale mlangoni, sisi na mwenye mtumbwi.

Alijifungua salama, wote wawili wazima, msije mkalala na huzuni.

Jambo jingine ambalo watu wa mjini hawalijui. Mei 2023 mafuriko yalipobomoa Bushushu na Nyamukubi kwetu Kalehe, waliokufa walipita mia nne, na wengi maji yaliwasukuma ziwani. Siku zilizofuata miili ilikuwa inatokea kwenye fukwe za Idjwi. Watu wa kule waliacha mashamba, wakawa wanatoa maiti na mitumbwi ya kuvulia, wanazika watu wasiowajua majina. Hakuna aliyewalipa. Kwa hiyo Kisiwani, kuvuka si biashara tu. Huku na kule ni familia moja, tunaoana.

Kisiwani_Kusini

Yaya nesi, aksanti. Mama yangu mkubwa alikuwa kati ya waliofunika wale marehemu kwa vitenge.

Ndendere_Prof

Mbona hakuna aliyegusa kahawa? Ndiyo mfano mzuri kuliko nanasi. Kahawa ya Idjwi ni arabika nzuri sana, iko mwinukoni, udongo unaifaa, ziwa lenyewe liko mita 1,460 juu ya bahari. Lakini kwa miaka mingi ya vita na kodi juu ya kodi, mkulima aliona afadhali aipakie usiku kwenye mtumbwi avuke nayo Rwanda. Kule alilipwa papo hapo, hata kwa bei ya kutupa. Kahawa ya Kongo ikageuka ya Rwanda ikiwa ndani ya gunia. Na wanaume wangapi walizama? Wanapakia kupita kiasi, hawawashi taa kwa kuogopa doria, upepo ukija basi. Kuna vijiji ukipita unakuta wajane wengi kuliko kawaida.

Ushirika wa wakulima wa kahawa, kama ule wa CPNCK, ulipoanza kujenga vituo vya kuoshea kahawa kulekule, mkulima akawa anauza buni mbichi karibu na nyumba yake, gunia linasafiri kwa mpango. Hapo kuvuka kulihama kutoka bega la mkulima kwenda kwa mtu mwenye uwezo wa kubeba mzigo huo. Kwangu hilo ndilo jibu la uzi huu, kuliko kulilia daraja ambalo halitajengwa.

Kisiwani_Kusini

Prof, umelisema vizuri kuliko mimi. Naongeza tu kwamba ushirika nao una ugonjwa wake. Malipo yakichelewa, mwenye mtoto mgonjwa hasubiri, na ule mtumbwi wa usiku bado unajua njia.

Kijana_Bagira

Na ile habari kwamba ziwa lina gesi litalipuka? Nyie mnalala juu yake.

Ndendere_Prof

Gesi ipo, metani na kaboni dioksidi, lakini imekaa chini kabisa, na ziwa lina kina kama cha mita 485. Rwanda wanaivuta: mtambo wa KivuWatt unatoa megawati 26 karibu na Kibuye. Zile taa alizotaja Kisiwani mwanzoni, sehemu yake inatoka kwenye maji haya haya. Upande wetu wanasaini makaratasi.

Kijana_Bagira

Doh. Na intaneti je? Mtu wa kule anasoma huu uzi vipi?

Kisiwani_Kusini

Ukisimama juu ya kilima unapata mtandao, wakati mwingine wa Rwanda, na simu inakukaribisha nchi ya kigeni ukiwa shambani kwako. Kulikuwa pia na mtandao wa jamii, Pamoja Net, upande wa Ntambuka. Watu walikuwa wanakuja na simu jioni wanakaa chini ya antena. Wafanyabiashara waliutumia kuuliza bei ya Bukavu kabla ya kupakia. Mkulima akijua bei kabla ya kuvuka, Mama Muhanzi anapata shida kidogo 😄

Mama_Muhanzi

Nakusoma, niko hapa.

Mtalii_wa_Nguba

Nyote mnaongea shida. Mimi nilisikia kule kuna amani, wakati huku tunalala na viatu. Si hilo peke yake lingetosha kukisifu?

Kisiwani_Kusini

Amani hiyo tuliipata kwa sababu ileile inayotufanya tununue chumvi ghali: jeshi nalo linatakiwa kuvuka. Vita vikubwa vilipita pembeni, sisi tukawa tunapokea wakimbizi. 1994 walikuja kutoka Rwanda, wengi mno, miti ikakatwa, chakula kikaisha. Mwanzo wa 2025 wakaja wa Minova, na godoro kichwani, wengine wana mtoto na sufuria tu. Nyumba ya wazazi wangu ilikuwa na familia nyingine ndani. Siasa ya leo siigusi humu, kila mtu anajua kwa nini. Lakini usiniambie kisiwa hakiguswi. Vita inafika kwetu ikiwa na njaa, na inataka fasi ya kulala.

Mtalii_wa_Nguba

Sawa kaka, nimekupata. Sasa swali la kawaida: hali ikiruhusu nataka kwenda na mke na watoto siku mbili. Nifanyeje?

Kisiwani_Kusini

Karibu sana. Uliza kwanza hali ya siku hiyo, maana ruhusa za ziwani zinabadilika. Ondoka asubuhi mapema, panda boti iliyosajiliwa, siyo mtumbwi wa mizigo, na hizo jile muvae mpaka mguu ukanyage nchi. Mamba hakuna, watoto wataoga, lakini wakae karibu maana kina kinaanza ghafla. Beba hela ndogondogo, mtu wa kijijini hana chenji ya noti kubwa. Bugarula mtapata pa kulala, pa kawaida. Ukitaka kuingia ndani ya vijiji, pita kwanza kwa chifu umsalimie. Picha za watu, omba. Bambuti hasa wamechoka kupigwa picha na wageni wanaoondoka bila hata kununua chungu.

Mananasi usinunue ufukoni. Panda kilima kidogo, ununue kwa mwenye shamba, umlipe bei ya Bukavu. Wewe utaona rahisi, yeye ataona sherehe.

Mama_Muhanzi

Ehe! Unaniharibia kazi mbele ya watu wote. Ule mzigo wa alhamisi usisahau, na uambie vijana wasipange mananasi yaliyoiva chini ya mihogo tena.